Kutoka Joho Hadi Barua ya Kuthibitishwa Kazini: Mwongozo Kamili kwa Mhitimu Anayeanzia Dar es Salaam

Ujumbe ninaoupata kutoka kwa wahitimu hufanana mno: "Dada, nilidhani naendelea vizuri, leo wameniita wakaniambia muda wangu wa majaribio umeongezwa miezi mitatu." Nikiuliza ametajiwa kosa gani, jibu huwa hakutajiwa kosa lolote. Meneja alipotakiwa kumtolea maoni hakuwa na la kusema, zuri wala baya.

Wengi wanakwama hapo hapo. Chuoni swali huletwa limechapwa, muda umeandikwa juu na alama ziko pembeni. Ofisini hakuna anayekutungia mtihani, na bado unasahihishwa kila siku. Mwongozo huu unaanzia siku unayopewa mkataba mpaka unapopanga miaka mitatu ijayo. Zifuate hatua kwa mpangilio wake, kwa kuwa za mwisho haziwezekani bila za mwanzo.

## Vitu vya kuandaa

Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya mlipakodi (TIN) ya TRA, na akaunti ya benki. Majina yafanane herufi kwa herufi. Ukiwa Mwanaidi kwenye cheti cha kidato cha nne na Mwanaid kwenye NIDA, mshahara wa kwanza unaweza kukwama kwa sababu ya herufi moja. Kama majina yanapishana, muone wakili kabla ya siku ya kuripoti.

Vyeti halisi na seti tatu za nakala zilizothibitishwa na wakili, pamoja na cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti, na namba za wadhamini wawili wanaojua kwamba umewaandika.

Salio la mkopo wako wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kama ulisomeshwa na Bodi.

Nauli na chakula cha wiki tano, au zaidi ukiweza. Mshahara hulipwa mwisho wa mwezi. Ukianza kazi baada ya hesabu za mishahara ya mwezi huo kufungwa, utasubiri mwezi unaofuata. Nimeona vijana wenye bidii wakikosa kuja ofisini wiki ya tatu kwa kukosa nauli, na wakaona aibu kusema.

Nguo za wiki. Mashati au blauzi nne, suruali au sketi mbili, jozi moja ya viatu imara. Mitumba ya Karume na fundi wa mtaani wako vinatosha kabisa. Usikope kwa ajili ya suti.

Kaunta buku moja yenye jalada gumu, na kalamu mbili. Usitegemee simu. Ukiwa unabofya simu kikaoni, meneja hawezi kujua kama unaandika anachosema au unajibu WhatsApp, na mara nyingi atadhani la pili.

## Hatua ya 1: Soma mkataba ukiwa nyumbani

Ukipewa mkataba, omba siku moja ukausome. Sema hivi: "Nashukuru sana. Naomba niusome leo jioni, kesho asubuhi niurudishe." Mwajiri makini hakasiriki kwa ombi hilo.

Tafuta mambo haya: cheo chako na unayewajibika kwake, mshahara wa msingi na posho zikiwa zimeandikwa kila moja peke yake, mkataba ni wa muda maalumu au hauna ukomo, urefu wa kipindi cha majaribio, saa za kazi, likizo, na notisi ya kuacha au kuachishwa.

Linganisha na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, ingawa walio kwenye nafasi za uongozi wana utaratibu wao. Likizo ya mwaka si chini ya siku 28 mfululizo, sikukuu zikihesabiwa humo. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi si chini ya siku 28 baada ya mwezi wa kwanza wa ajira. Kanuni za mwaka 2007 zinataka kipindi cha majaribio kisizidi miezi 12. Na ujue hili mapema: mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo, kwa hiyo usiahidi kwenu kwamba utakwenda Krismasi wiki mbili.

Tahadhari: usisaini ukurasa wenye nafasi tupu, na usiondoke bila nakala yako yenye saini za pande zote mbili.

Hatua hii imekamilika ukiweza kumweleza mama yako, bila kuangalia karatasi, utalipwa nini, na nani, na utatoka vipi kazi ikikushinda.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya pesa itakayoingia mkononi

Fanya hivi kabla hujamwambia mtu yeyote mshahara wako. Chukua mfano wa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000, bila posho, kwa mtu aliyesoma kwa mkopo na kuajiriwa sekta binafsi:

- Mchango wako wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10: 80,000
- Kinachobaki kutozwa kodi: 720,000
- Kodi ya mshahara, PAYE, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021. 270,000 za mwanzo hazitozwi. Kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Zilizobaki 200,000 ni asilimia 20, yaani 40,000. Jumla: 60,000
- Marejesho ya HESLB, asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 120,000
- Kinachoingia mkononi: 540,000

Laki nane imekuwa laki tano na arobaini kabla hujapanda daladala. Asiyefanya hesabu hii hupanga maisha kwa laki nane, na ikifika Machi ana madeni kwa wenzake wa dawati la pili.

Chukua hiyo 540,000, toa nauli na chakula cha mchana kwa siku 22 za kazi, kisha amua kiasi kimoja cha kutuma nyumbani. Kitamke mapema, kwa heshima, na usikibadilishe kila simu inapoita. Ndugu hawaumizwi na kiasi kidogo kama wanavyoumizwa na ahadi ya laki mbili isiyofika.

Kuhusu nyumba, sikiliza dada yako. Wenye nyumba wengi hapa mjini wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Kama mjomba wa Mbagala au shangazi wa Kimara anakuvumilia, kaa hapo mpaka uthibitishwe kazini. Mkopo wa benki wa kulipia kodi ya chumba, ukiwa bado kwenye majaribio, ni mzigo ambao hutaweza kuutua wakikwambia kazi imeisha.

Baada ya miezi mitatu hakiki NSSF kama michango inaingia kweli. Hati ya mshahara inaonyesha umekatwa, haionyeshi kama fedha imefika. Fanya vivyo hivyo HESLB. Mwajiri anatakiwa kuitaarifu Bodi ndani ya siku 28 tangu akuajiri, na wapo wanaosahau.

## Hatua ya 3: Ifanyie njia majaribio

Siku ya kazi, saa ile ile utakayokuwa unatoka, safiri mpaka mlangoni pa ofisi. Safari ya Jumapili haikufundishi chochote kuhusu Jumatatu.

Tafuta njia ya pili. Wa Kimara ajue kwamba mvua kubwa za masika zikijaza Jangwani, mabasi ya mwendokasi hukatishwa na barabara hufungwa. Wa Kigamboni ajue lini panton, yaani kivuko, inajaa na daraja linamgharimu kiasi gani cha ziada. Lenga kufika dakika 20 kabla, ufute jasho, unywe maji.

Ukichelewa, piga simu kabla ya saa ya kazi kufika. "Shikamoo, niko Magomeni, gari zimesimama, nitafika saa mbili na nusu" ni taarifa. Maneno hayo hayo ukiyasema saa mbili na nusu yanakuwa kisingizio.

## Hatua ya 4: Wiki mbili za kwanza, jifunze watu

Ukurasa wa nyuma kabisa wa kaunta buku uwe wa majina. Kila unayetambulishwa kwake andika jina, kazi yake, na jambo moja: "karani wa masijala, ndiye anayejua faili liko wapi." Siku ya tatu ukimwita mtu kwa jina lake, umefungua mlango ambao wengine huugonga mwaka mzima.

Salamu za ofisini zinawachanganya wengi. Dereva au mama wa usafi aliyekuzidi miaka ishirini anastahili shikamoo yako, hata kama daraja lako la mshahara liko juu. Meneja wa rika lako mpe habari za asubuhi, shikamoo inaweza kumkera. Kuhusu jina, usikisie. Sikiliza wenzako wanavyomwita. Kuna ofisi wanasema "Bosi," kuna wanaosema "Madam," na nyingine mkurugenzi ni "Kaka" fulani. Usianze wewe kulifupisha jina la mtu.

Chakula cha mchana nenda na wenzako, hata kama ni wali maharage kwa mama lishe. Maelezo mengi ya namna kazi inavyokwenda hutolewa pale, bila kikao. Kaa usikilize. Ila mazungumzo yakigeuka kumsema mtu asiyekuwepo, tafuna taratibu, usichangie. Maneno ya mezani hufika kwa mhusika kabla sahani hazijaoshwa, na mgeni ndiye hubandikwa.

## Hatua ya 5: Pokea kazi kwa maandishi

Hapa ndipo muda wa majaribio hufaulu au kuanguka. Meneja akikuita, nenda na kaunta buku. Usiseme "sawa" ukaondoka. Hakikisha umeandika mambo manne:

1. Anataka nini hasa, na kwa umbo gani: jedwali, barua, simu iliyopigwa, au maelezo ya mdomo?
2. Kitakwenda kwa nani baada yake?
3. Siku gani, saa ngapi?
4. Kuna mfano wa nyuma wa kuangalia?

Kisha mrudishie kwa sentensi moja: "Kwa hiyo naandaa jedwali la wateja wanaodaiwa zaidi ya siku 60, nakuletea Alhamisi saa sita mchana, nikifuata lile la mwezi uliopita." Sekunde kumi tu. Mara ngapi nimeona kijana akifanya kazi siku mbili kwa bidii yote, na kumbe alisikia "wateja wote"?

Ukurasa wako uonekane hivi:

*Jumanne, saa 3:20 asubuhi. Kutoka kwa meneja. Jedwali la wadaiwa zaidi ya siku 60. Linakwenda kwa mkurugenzi wa fedha. Alhamisi saa 6 mchana. Mfano: la mwezi uliopita, faili la pamoja. Swali: waliolipa nusu wamo?*

Pembeni acha nafasi ya kama vidole vitatu. Humo utaandika ulichokwama nacho, aliyekusaidia, na muda ambao kazi ilikuchukua. Usipuuze nafasi hiyo, tutaihitaji sana Hatua ya 10.

Swali la pili, kitakwenda kwa nani, ndilo wanaloliruka wengi, na ndilo lenye faida kubwa. Jedwali la meneja mwenyewe linaweza kuwa na vifupisho. La mkurugenzi linataka kichwa, tarehe, na jumla chini. Ukijua msomaji wa mwisho, utajua na kiwango cha usafi kinachotakiwa.

Ukipewa kuandika muhtasari wa kikao, usiione kama kazi ya kudharauliwa. Andika kilichoamuliwa, nani atafanya, mpaka lini. Porojo ziache. Mpelekee mwenyekiti rasimu siku hiyo hiyo kabla ya kutoka. Anayeandika muhtasari huijua ofisi nzima ndani ya miezi miwili.

Ishara kwamba umefaulu: meneja anaacha kukuuliza "ile kazi imefikia wapi?"

## Hatua ya 6: Uliza mapema, na uulize kwa mpangilio

Kazi yangu ya kwanza nilipewa kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha la ofisi. Pande mbili zilipishana kwa shilingi 90,000. Nilikuwa na shahada, nikaona aibu kuuliza. Nilipitia miamala ile siku nne. Nilirudi nyumbani saa tatu usiku, macho mekundu, nikisema kesho nitaipata.

Siku ya tano mama mmoja wa dawati la jirani, ambaye alianza ukarani baada ya kidato cha nne, aliniuliza tofauti ni kiasi gani. Nikamwambia. Akasema, "Igawe kwa tisa." Ikagawika bila kubaki kitu. "Basi tafuta tarakimu zilizopinduliwa." Dakika kumi baadaye tuliipata: 2,760,000 ilikuwa imeandikwa 2,670,000. Tofauti inayogawika kwa tisa mara nyingi ni tarakimu mbili jirani zilizobadilishana nafasi. Chuoni sikuwahi kuambiwa, na siku nne za mshahara wa mwajiri zilikuwa zimekwenda.

Tangu hapo nawapa vijana kanuni moja: ukikwama dakika 45 bila kusogea hata hatua moja, uliza. Kabla ya muda huo jaribu mwenyewe, kwa sababu ukiuliza kila baada ya dakika tano utachosha watu.

Ujumbe wa kuuliza uwe na vipande vinne: unachofanya, ulichojaribu, ulipokwama, na unachopendekeza.

*"Habari za mchana. Nalinganisha taarifa ya benki ya Mei. Nimepitia miamala yote na nimehakiki jumla mara mbili. Nimebaki na tofauti ya 90,000 ambayo siioni. Nafikiri nianze kuangalia stakabadhi za wiki ya mwisho. Niendelee hivyo, au kuna njia nyingine?"*

Anayepokea ujumbe huu anaweza kujibu kwa neno moja akiwa kwenye foleni ya Ubungo. Lakini ukimtumia "Dada, nimekwama," inabidi aache kazi yake akuhoji.

Tahadhari: jibu ulilopewa liandike. Kuuliza jambo jipya hakukushushii heshima. Kuuliza lile lile mara ya tatu kunakushushia.

## Hatua ya 7: Taarifa ya Ijumaa

Kila Ijumaa saa tisa alasiri, bila kuombwa, mtumie meneja wako mistari isiyozidi sita. Sababu ni nyepesi: meneja ana watu wanane, simu mia, na bosi wake mwenyewe. Hakumbuki ulichofanya Jumanne. Siku ya kujaza fomu yako ataandika anachokikumbuka.

*"Wiki hii: nimekamilisha jedwali la wadaiwa, limepelekwa Alhamisi. Nimepiga simu kwa wateja 14, watano wameahidi kulipa kabla ya tarehe 30. Sijamaliza: mafaili ya Aprili, nasubiri nakala kutoka ghala. Wiki ijayo: nitamaliza mafaili na kuanza Mei. Naomba msaada: ruhusa ya kuingia kwenye faili la mikataba."*

Usipambe. Usiandike "nimejitahidi sana." Andika kilichotoka mkononi, na kama hakuna kilichotoka, eleza kimezuiwa na nini. Huenda asijibu wiki tano za mwanzo. Endelea kutuma, anasoma. Wiki ya sita utamsikia akisoma maneno yako mwenyewe kwenye kikao cha wakuu wa idara.

## Hatua ya 8: Ukikosea

Sema wewe wa kwanza, siku hiyo hiyo, ana kwa ana ikiwezekana. Toa maelezo matatu: nimefanya nini, madhara yake mpaka sasa, nimeanza kurekebisha vipi. Sababu zake subiri uulizwe. Barua iliyokwenda kwa mteja asiye wake hurekebishika saa moja baadaye. Ukikaa nayo wiki nzima, mteja atapiga simu mwenyewe, na hapo kosa litakuwa limegeuka la kukosa uaminifu.

## Hatua ya 9: Jiandalie mapitio ya majaribio

Usisubiri kuitwa. Mwezi mmoja kabla ya tarehe iliyo kwenye mkataba, omba dakika 20: "Muda wangu wa majaribio unaisha mwezi ujao. Ningependa kujua wapi niongeze nguvu kabla ya hapo."

Nenda na ukurasa mmoja ulioutoa kwenye kaunta buku: kazi tano ulizomaliza, kila moja na namba au tarehe yake, jambo moja ulilolijua polepole na sasa unaliweza, na jambo moja ambalo bado. Hilo la mwisho usilifiche. Meneja analijua, na anapima kama na wewe unalijua.

Akikupa maoni, yaandike mbele yake, kisha mtumie jioni hiyo: "Nimeelewa kwamba nirekebishe haya mawili." Sasa hata kama muda utaongezwa, kuna kipimo kinachojulikana.

Ukiongezewa muda, omba barua inayosema muda kiasi gani na kwa sababu zipi. Ukiachishwa na ukaamini hukutendewa haki, mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Siku hizo hupita haraka mtu akiwa anasubiri bosi abadili mawazo.

## Hatua ya 10: Panga miaka mitatu kwa ushahidi

Wengi hupanga kazi kwa ndoto: "Nataka kuwa meneja." Meneja wa nini, kwa ujuzi upi, hawana jibu. Wewe una kaunta buku la miezi sita. Fanya hivi Jumamosi moja, ukiwa na utulivu.

Kwanza, lisome lote. Zile nafasi za pembeni zitakueleza. Kazi gani ilikuwa inakuchukua siku mbili na sasa inachukua saa tatu? Kazi gani wenzako huja kukuuliza wewe? Ipi umeifanya mara kumi na bado inakuumiza kichwa? Dada mmoja niliyemsimamia aliajiriwa masoko, akijiona mtu wa matangazo. Kaunta buku lake lilijaa majedwali ya mauzo ambayo kila mtu alimwomba amtengenezee. Hakuwa ameliona hilo mpaka alipohesabu. Leo kazi yake ni uchambuzi wa takwimu.

Pili, kusanya matangazo kumi ya kazi ya nafasi unayoitaka miaka mitatu ijayo. Za serikalini utazipata kwenye Ajira Portal, za makampuni kwenye tovuti zao. Hata kama nafasi hizo huzifikii sasa, yasome kwa kalamu. Sifa inayojirudia kwenye matangazo saba kati ya kumi ndiyo soko linaitaka. Inayotokea mara moja iache.

Tatu, weka orodha mbili sambamba: ulichonacho kwenye kaunta buku, na kinachojirudia kwenye matangazo. Yaliyopungua ndiyo mpango wako. Chukua pengo moja kwa kila nusu mwaka, usichukue matano.

Mara nyingi pengo la kwanza ni usajili wa taaluma. Mhasibu mwenye shahada bado ana safari ya CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, kupitia mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, na ofisi nyingi hazimpandishi bila hiyo. Wa ununuzi na ugavi anaelekea PSPTB, bodi ya taaluma hiyo. Mhitimu wa sheria hawi wakili bila kupita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania). Mhandisi hujisajili ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha anahitaji miaka isiyopungua mitatu ya mafunzo kazini chini ya usimamizi kabla ya usajili kamili, na lazima aonyeshe kumbukumbu za kazi alizofanya. Anayeandika kaunta buku tangu siku ya kwanza hahangaiki kukumbuka.

Sina chuki na shahada ya uzamili. Lakini kuikimbilia mwaka wa kwanza kwa sababu tu wenzako wanasoma jioni ni kutumia mamilioni kabla hujajua unataka kubobea wapi. Kama matangazo saba hayaitaji, isubiri.

Nne, mtafute mtu mmoja anayefanya kazi hiyo sasa. Omba dakika 20, kwa barua pepe yenye adabu, na usiombe kazi. Mwulize Jumanne yake inakwendaje kuanzia asubuhi, sehemu gani ya kazi inamchosha, na nini angejifunza mapema. Majibu ya Jumanne yamewaokoa wengi kutoka kwenye kazi walizozipenda kwa jina tu.

Tano, weka akiba ya kukupa uhuru. Lenga matumizi ya miezi mitatu, polepole, kwenye SACCOS ya kazini au mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT AMIS, mahali ambapo hupagusi kirahisi kama pesa ya kwenye simu. Asiye na akiba hukubali nafasi yoyote au huvumilia unyanyasaji wowote, na mpango wake unabaki kwenye karatasi.

Mpango umekamilika ukienea ukurasa mmoja: nafasi unayoilenga, mapengo, tarehe ya kila pengo, na gharama yake kwa shilingi. Ubandike ndani ya jalada la kaunta buku, uupitie kila Juni na Desemba.

## Siku ya kuondoka

Itafika, huenda mwaka wa pili, huenda wa tano. Usiondoke kwa hasira ya wiki moja. Rudi kwenye kaunta buku. Kama kurasa za miezi sita iliyopita zinajirudia bila ujuzi mpya, na umeomba kazi tofauti mara mbili kwa maandishi bila jibu, anza kutafuta. Saini mkataba mpya kwanza, ndipo uandike barua ya kuacha.

Toa notisi kamili ya siku 28 au kama mkataba unavyosema. Andaa karatasi za makabidhiano: kila kazi, ilipofikia, faili liko wapi, nani wa kuulizwa. Waage na wale wa ukurasa wa nyuma, dereva na mama wa usafi wakiwemo. Kisha omba cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri akupe ajira inapokoma. Hakikisha cheo na tarehe vimeandikwa sawa kabla hujatoka getini, kwa sababu kukirudia baada ya mwaka, meneja wako akiwa ameshahama, ni kazi ngumu.

Kiweke kwenye bahasha moja na mkataba wa kwanza, hati za mshahara na kaunta buku lililojaa. Njiani kurudi nyumbani, nunua jingine.